Kiwanja Chetu Kutoka Juu

Machi 6

Leo nimeshona suruali moja tu, na hiyo moja nimeifumua mara mbili. Wa kulaumiwa ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye duka la steshenari pale barabarani. Alikuja saa nne, na badala ya kuniletea vifungo nilivyomwagiza akaniwekea simu juu ya cherehani. "Wifi, hebu tazama. Unapajua hapa?"

Nikatazama. Mabati, miti, kijia chembamba. Nikamwambia sipajui, aniache nifanye kazi. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Hapa ni kwako, mshamba wewe!"

Jamani! Kweli ni kwetu. Paa letu lenye kiraka cha bati jipya, jiko langu la nje, ukuta, na ng'ambo ya ukuta kitalu cha jirani yangu Mama Miche, na miche yake imejipanga mistari mistari. Eti ni picha ya satelaiti, iko mtandaoni bure, na mtu yeyote duniani anaweza kuifungua akatutazama. Nilijikuta nimeinua macho juu. Mimi naoga kwenye bafu lisilo na paa miaka yote hii! Wifi anasema haionyeshi watu. Nimemwambia aape.

Nimeanza kuandika haya nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu mume wangu, nilipomweleza, alisema "Hm," akarudi kwenye fumbo lake la gazetini. Amefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na hata mimi nimezoea.

Machi 7

Mvua ya kwanza. Nimeoga na mwavuli.

Machi 12

Mtaa umeingiwa na wazimu. Wifi anachapisha picha za viwanja vya watu tangu asubuhi, wanapanga foleni. Mwenye bucha ametundika yake juu ya mizani, anasema sasa ana hati. Kinyozi yeye ametafuta kijijini kwao akakuta kaka yake, yule anayelia hali ngumu kila wakikutana, ana nyumba ya vyumba sita yenye paa la bluu. Amenyoa kichwa cha mteja nusu, akatoka nje kupiga simu. Mteja amekaa na kitambaa shingoni nusu saa.

Zamani kiwanja cha mtu kilikuwa kile unachokiona ukipita getini kwake. Sasa watu wanasalimiana huku wakikadiriana. Mama mmoja amekuja kupima gauni, sijamaliza kiuno ananiambia, "Kumbe kwenu ni pakubwa hivyo, na mnavyojifanya wanyonge!" Nimemchoma pini. Bahati mbaya tu.

Machi 15

Damu imenipanda mpaka sasa.

Kwenye kompyuta ya wifi kuna ramani yenye mistari ya mipaka, mistari ya kijivu kati ya nyumba na nyumba. Ule wa kwetu na Mama Miche haupiti kwenye ukuta. Unakata chumba chake cha nyuma katikati! Yaani nusu ya chumba anacholala mama yake mzazi, bibi wa watu asiyeweza kutembea, iko kwenye ardhi yetu. Miaka yote hii ananipa miche ya bure, ananiita shoga, kumbe ananifunga macho!

Sikujizuia. Nilisema palepale dukani, mbele ya foleni nzima. "Mama Miche ametuibia!" Wifi ananifinya, mimi naongeza sauti.

Mwalimu hakufurahi. "Mistari ya mtandaoni huchorwa na mtu asiyewahi kufika hapa," alisema. "Picha yenyewe inaweza kukaa upande. Acha hayo kabisa. Usimguse jirani." Mara chache sana huniongelesha kwa ukali. Nikajisemea, mume wangu ana roho nzuri kuliko mimi.

Machi 18

Mvua. Wateja wawili, wote wa zipu.

Machi 22

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Asubuhi lilisimama gari la ofisi ya mipango miji, akashuka bwana mmoja mwenye mabuti safi na kishikwambi. Kumbe siku ile dukani karani wao alikuwa kwenye foleni, akisubiri fotokopi. Maneno yangu yamefika ofisini kabla sijafika nyumbani.

Bwana akapima kwa futi. Chumba cha Mama Miche hakijaingia kwetu hata kidole. Mstari wa mtandaoni ni uongo mtupu, Mwalimu alikuwa sahihi. Nikashusha pumzi. Ndipo yule bwana akapima kutoka ukuta wa chumba mpaka ukuta wa mpaka. Nusu mita.

"Sheria ni mita moja na nusu," akasema. "Chumba cha kulala hakiwezi kubana mpaka namna hii."

Mtu wake akatoa kopo la rangi nyekundu akachora alama ya X mlangoni. Siku thelathini, Mama Miche asipokibomoa watakibomoa wao. Kutoka ndani bibi aliuliza, "Nani huyo anakwaruza?" Mama Miche akamjibu, "Ni mafundi, mama. Wanapaka rangi." Nilikuwa nimesimama getini. Nilitamani ardhi inimeze.

Machi 23

Mama Miche alikuja kibarazani kwangu na udongo mikononi. Akauliza, "Shoga, nani amenichongea?"

Nikamwambia, "Mimi." Sikuwa na ujanja mwingine.

Alijipangusa udongo kwenye kanga. Akasema, "Ungeniuliza mimi kwanza." Akaondoka. Afadhali angenitukana.

Machi 27

Mvua siku ya nne. Mama Miche akipita hanitazami. Bibi hana pa kwenda, vyumba vingine viwili vimejaa mbegu, mbolea na vitanda vya wajukuu.

Machi 30

Nimekwenda ofisi ya mipango miji kuomba msamaha kwa niaba ya Mama Miche, nikakalishwa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Yule bwana si mbaya. Akaniambia ana njia moja tu. Kama chumba kilijengwa kabla ya sheria ile, yaani zaidi ya miaka saba iliyopita, na kilipojengwa kilikuwa kimeacha nafasi inayofaa, atakifuta kwenye orodha. "Lakini lete ushahidi. Picha yenye chumba na mpaka wake, si maneno."

Picha! Nilikaribia kumkumbatia. Wifi aliwahi kuniambia ramani ile huhifadhi picha za miaka iliyopita, unarudisha nyuma kama kurudisha saa. Kilichoharibiwa na picha kitatengenezwa na picha.

Aprili 2

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na kalamu hii tangu saa nane na chai imepoa.

Nilikwenda kwa wifi asubuhi kabla ya wateja. Akarudisha mwaka mmoja, miwili, mitano. Chumba kipo. Mwaka wa saba, chumba kipo! Nikapiga kigelegele, mpaka mtu wa fotokopi akageuka. "Rudisha tena," nikamwambia, "tuwe na akiba." Akarudisha mwaka wa tisa.

Chumba kipo palepale, paa lake lina kona ileile iliyovunjika. Lakini jiko langu halipo. Hilo nalijua, jiko Mwalimu alilijenga miaka minane iliyopita, nilipokwenda kumuuguza dada yangu. Nilirudi nikalikuta limesimama, lina rafu na dirisha, na ukuta mpya wa tofali badala ya ule ua wa miti uliokuwepo. Zawadi yangu. Nililia kwa furaha siku ile, namkumbuka amesimama na koleo mkononi, anaona haya kama bwana harusi.

Kwenye picha ya mwaka wa tisa ua wa miti unaonekana, mstari wa kijani uliokolea. Na haupo ulipo ukuta leo. Upo huku, upande wetu. Kati ya ua na chumba cha Mama Miche pana nafasi pana, mtu anapita na toroli.

Wifi akawa anakwenda mbele, anarudi nyuma. Mwaka wa tisa, ua. Mwaka wa nane, ukuta na jiko. Ua, ukuta. Ua, ukuta. Mwisho akaondoa mkono kwenye kipanya akasema polepole, "Wifi. Mimi sijaona kitu."

"Chapisha," nikamwambia.

"Ni kaka yangu."

"Na ni mume wangu. Chapisha zote mbili."

Akachapisha, akanipa zimekunjwa, hakunitazama usoni. Akasema kama nataka kumsaidia Mama Miche nichukue mkasi nikate upande wa ukuta, nipeleke kipande chenye chumba tu. Lakini yule bwana alisema chumba na mpaka wake. Picha itakayomwokoa Mama Miche ndiyo itakayomuumbua mume wangu. Ni karatasi moja.

Aprili 3

Huenda nimeona vibaya. Picha hukaa upande, alisema mwenyewe.

Aprili 5

Nimepima kwa njia yangu. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini vipande viwili vya nguo siwezi kuviunganisha bila kutafuta alama zinazolingana, na nguo ikivutika najua. Sikulinganisha picha na picha. Kila picha niliipima yenyewe.

Ubavu wa nyumba yetu ni mita kumi, nimeupima leo kwa futi yangu, mvua ikininyeshea. Kwenye karatasi ubavu ule ni sentimita nane, picha zote mbili. Nikatia pini kwenye chumba cha Mama Miche, nikavuta uzi mweusi mpaka ukutani, nikaukata, nikaulaza kwenye futi. Picha mpya: uzi haukufika hata nusu sentimita. Ndiyo nusu mita ya yule bwana. Picha ya zamani, mpaka kwenye ua: sentimita mbili kamili. Mita mbili na nusu.

Nimerudia mara sita. Nyuzi kumi na mbili ziko mezani, fupi sita na ndefu sita. Jiko langu lina upana wa mita mbili.

Aprili 6

Amekula maharage, akasifu chumvi. Nimemtazama akila kama mgeni aliyekosea nyumba.

Aprili 8

Huyu ni mtu ambaye siku moja alikuta kipande cha chaki mfukoni, akarudi nacho shuleni kwa miguu. Nilikuwa nawasimulia watu kisa hicho kwa majivuno. Wazazi walimletea watoto wao awafunze adabu, siyo hesabu tu. Majirani wakigombana huitwa yeye. Jana tu mwenye bucha amekuja kumwomba akampimie mpaka, naye akaenda, na futi, na miwani, akapima mpaka wa watu!

Siwezi kuingia jikoni. Nimepikia kibarazani, nikamwambia moshi unanisumbua.

Aprili 11

Nimemuuliza. Ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika kidogo, yuko kwenye kiti chake na fumbo la gazetini. Nikaweka picha mbili mezani na nyuzi mbili juu yake, mfupi na mrefu. Alivaa miwani. Nilikuwa naomba, naapa, nilikuwa naomba aseme kitu ambacho sikukifikiria, kwamba walikubaliana, kwamba alinunua, chochote.

Akavua miwani.

"Fundi alisema jiko halitatosha," akasema. "Nilikuwa nimeshanunua tofali. Mama Miche na wanawe hawakuwepo, walikuwa wamempeleka mumewe hospitali ya mbali, miezi mitano. Nikasema wakirudi nitawaeleza, tutaelewana. Wakarudi, mgonjwa hali yake mbaya. Nikaona si wakati wake. Halafu akafariki."

"Miaka saba tangu afariki, Mwalimu!"

"Kila mwaka ulifanya iwe vigumu zaidi."

"Na alama ya X? Umeiona kwa macho yako. Bibi atatolewa nje kwenye mvua kwa sababu ya mita mbili zako, na wewe unajaza fumbo?"

Akaanza kukunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama bahasha. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita na leo sikumjua. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba alifanya kwa ajili yangu. Jiko ni langu. Nimelifagia kila asubuhi kwa miaka minane.

Nimempa siku tano aende mwenyewe.

Aprili 14

Amefika hadi getini kwa Mama Miche, akasimama, akarudi. Amesema alisahau mwavuli.

Aprili 16

Siku tano zimeisha. Nimechukua karatasi.

Aprili 17

Mama Miche alikuwa chini ya turubai la kitalu anahamishia miche kwenye mifuko. Nikamwambia, "Najua hutaki kuniona. Nipe dakika tano." Nikamwonyesha picha zote mbili, nikamwonyesha ua, nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia nani na lini. Nikasema chumba kitapona, picha inamtosha yule bwana, na jiko litaondoka. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa kofi.

Aliishika picha ya zamani kwa ncha za vidole ili asiichafue. Akauliza, "Hii ni mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Hapo baba watoto yu hai," akasema. "Anaumwa, lakini yu hai. Yuko chini ya hilo bati."

Kisha akakaa kwenye udongo, puu, kama mtu aliyekatwa miguu. Nikadhani amezirai.

"Tulipotoka hospitali," akasema, "siku ya kwanza tu alisema kiwanja kimepungua. Anatembea na fimbo, anaiweka chini, anahesabu. 'Mke wangu, hapa zilikuwa fimbo tatu, sasa haifiki hata moja.' Nikamwambia ni dawa. Nikamwambia ua ni majani na ukuta ni tofali, ndiyo maana macho yanamdanganya. Kila asubuhi anatoka, anapima. Anaanguka, tunamwinua, kesho anatoka tena. Tukamwambia daktari kwamba amechanganyikiwa. Daktari akaandika dawa ya kumtuliza. Mwishowe tukawa tunamfungia mlango. Mimi na wanangu. Alikuwa anagonga mlango kwa ndani, anasema, 'Nipimieni tu mara moja, nitanyamaza.'"

Akaileta picha karibu na uso. "Nisamehe, baba," akaiambia karatasi. "Nisamehe. Ulipima sawasawa."

Niliinama nikalia naye. Hakunizuia, hakunigusa pia. Nimerudi nyumbani sijui nimepita wapi.

Aprili 18

Nimepeleka picha ofisini. Bwana amekuja mwenyewe, amepima, amesema ukuta ukirudi mahali pake hana neno na chumba. Mtu wake amefuta X kwa mafuta ya taa, imebaki doa jekundu. Mwalimu ameshika nyundo bila kuambiwa. Mtaa mzima umetoka kutazama, mwenye bucha kabeba na kiti. Mwalimu amebomoa jiko na ukuta tangu adhuhuri mpaka mikono imetoka malengelenge, na hakuna aliyemsaidia. Wifi amefunga duka.

Aprili 19

Mama Miche ametuma salamu kwa mjukuu: "Ukuta nimeuona. Sasa Mwalimu aje aseme na wanangu."

Aprili 20

Tumekwenda saa tisa alasiri. Nilimwambia sitamwacha aende peke yake, na sitamsemea.

Wanawe walikuwa sebuleni, binti mkubwa aliyetoka kazini na sare yake, na mdogo wake wa kiume mwenye ndevu sasa. Wote wawili Mwalimu aliwafundisha. Walisimama alipoingia, mazoea ya darasani, kisha wakakumbuka, wakakaa. Yeye akabaki amesimama. Mikono ilikuwa na bandeji.

"Baba yenu hakuchanganyikiwa," akasema. "Alipima vizuri. Mita mbili nilizichukua mimi, mlipokuwa hospitali. Naomba mnisamehe."

Kijana akaweka uso kwenye viganja. Binti hakulia. Alikuwa anamtazama Mwalimu kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ndefu.

"Siku moja baba alitutoroka," akasema. "Tulimtafuta, tukamkuta barabarani anatokea kwenu. Hakutuambia alikwenda kufanya nini. Alikuja kwako?"

Nikamgeukia mume wangu. Hilo hakuwa ameniambia.

"Alikuja," akasema Mwalimu.

"Kufanya nini?"

"Alikuja na fimbo yake. Aliomba nimpimie. Alisema, 'Nyumbani hawaniamini, lakini wewe ni mwalimu wa hesabu. Ukisema wewe, wataniamini.'"

Nilishika ukingo wa meza.

"Ukamwambiaje?" akauliza binti.

Mwalimu alitazama bandeji za mikono yake. "Nilimwambia anaumwa. Nilimwambia, 'Nenda kapumzike.'"

Mama Miche alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Akasimama. Akafungua mlango ukafika mwisho.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Nenda kapumzike."